Ombi Namba 412

Ni mimi niliyeandika: "Limepokelewa. Subiri."
Maneno mawili, kisha nikaenda kunywa kahawa ya tatu
ghorofa ya sita, Helsinki,
ambako theluji ni kitu cha kutazama dirishani.

Ombi lilitoka Kajaani, kwa Raili Kemppainen,
mpangaji wa magari ya kusomba theluji,
miaka ishirini na mitatu kwenye kiti kilekile
chenye mguu uliofungwa utepe.
Aliomba ukurasa mmoja tu:
ramani ya baridi, orodha ya madereva, anwani za wateja,
vitatu hivyo vile sahani moja,
badala ya yeye kubisha hodi kwa kila kimoja
saa kumi alfajiri, na kalamu ya risasi mdomoni.

Nikapiga hesabu. Miezi kumi na minne.
Mkutano wa kwanza baada ya Pasaka.
Nikamwandikia hivyo.
Hakujibu. Nikadhani amekubali.
Kimya cha mtu wa Kajaani hakisomeki kwa mbali.

Januari nikatumwa nikakague.
"Kuna kitu kinatembea huko," alisema mkuu wangu,
"ambacho hatukukijenga sisi,"
kwa sauti ya mtu aliyenusa moshi.

Nikakikuta.
Kilikuwa kibaya, nisiseme uongo:
vitufe vya waridi, herufi za tangazo la duka la viatu.
Baridi ameivuta kwa watu wa hali ya hewa,
madereva kawatoa kwenye jedwali lake la zamani,
anwani kazichukua kwetu sisi wenyewe,
kupitia mlango tuliousahau wazi.
Akaviunga kwa kuburuta na kuachia,
mstari toka hapa uende pale,
kama anayekata suruali tatu zilizochakaa
apate moja ya kuvalika.
Usiku nane, alisema. Na Jumapili moja ya kulia.

Nikatafuta kosa, ndiyo kazi yangu.
Nikalipata: nywila ya kampuni iko wazi,
ufunguo uliotundikwa nje ya mlango.
Nikafurahi.
Hili naliandika kwa aibu.

Ndipo nikaona kitufe kidogo pembeni: "Mummo".
"Hiki cha nini?"
"Cha mabibi," akajibu, akakibonyeza.
Orodha ikajipindua.
Nyumba kumi na saba zikapanda juu,
mbele ya benki, mbele ya duka kubwa linalotulipa vizuri.
"Hawa muuguzi huwafikia saa moja.
Njia isipofunguliwa, sindano ya sukari inachelewa.
Mwaka juzi Hilkka alingoja mpaka saa tano."
Akanyamaza.
Sikuuliza Hilkka yuko wapi sasa.

Fomu yetu ya maombi ina kurasa tisa.
Hakuna mstari hata mmoja wa jambo hilo.
Ningekuja na wataalamu kumi na ubao mweupe,
nisingeuliza.
Kitanda ni chake; kunguni anawajua kwa majina.

Usiku ule tukakaa wawili.
Nikamwonyesha jinsi ya kuficha nywila, kuweka nakala,
kumpa kila dereva mlango wake.
Yeye akanieleza kwa nini Veikko
hapangiwi kamwe daraja la kaskazini.
(Hilo nimeliacha hukohuko.)
Kipimo dirishani kilisoma ishirini na sita chini ya sifuri.
Nikajaribu kumshauri kuhusu waridi.
"Wazee wangu," akasema,
"wanaiona hata miwani ikishika ukungu."

Saa kumi lori la kwanza likawasha taa,
likaelekea, si benki.

Kwenye ripoti, panapoulizwa mjenzi wa mfumo,
mkono ulitaka kuandika jina la idara.
Nikaandika lake, nikiangalia p ziwe mbili.

Kisha nikaenda kulifunga ombi namba 412.
Mashine ikataka sababu, nichague moja:
limekataliwa, limekamilika, limejirudia.
Nikashuka mpaka chini ya orodha, nikapanda tena.
Hapakuwa na "wametutangulia".